Leseni ya Programu: Ni ya Mtu, ya Kifaa, au ya Darasa?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo uliwahusu wenye maduka na biashara, lakini siku hizi wafaa pia kwa vishikwambi vilivyomo katika maabara na maktaba za shule. Shule hununua programu kwa fedha halali, programu huingizwa katika kishikwambi, mwalimu huifungua na kuiona ikifanya kazi vizuri. Kisha mwanafunzi hukishika kishikwambi kile kile, huingia kwa upande aliotengewa, na programu hukataa kufunguka ikitangaza kwamba leseni haikuthibitishwa. Mali ipo, risiti ipo, na mlango umefungwa.

Jambo hilo likitokea, aghalabu hufuata mojawapo ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kifaa kimeharibika. Hapo kishikwambi hufutwa chote na kuanzishwa upya, na kazi za wanafunzi waliozihifadhi humo hupotea pamoja na programu. Kosa la pili ni kutafuta nakala ya wizi ya programu ile ile, nakala ambayo kufuli lake limevunjwa na mtu asiyejulikana, na ambayo huenda imetiwa mambo mengine yasiyojulikana. Makosa yote mawili yana asili moja, nayo ni kutoelewa ni nini hasa kilichokataa, na kwa amri ya nani.

Hoja ya makala hii ni kwamba ukatazo wa namna hiyo, mara nyingi, si ugonjwa wa mashine. Ni kanuni iliyochaguliwa na watu, ikaandikwa ndani ya programu, na ikakutana na hali ambayo waandishi wake hawakuifikiria vya kutosha. Anayeijua kanuni hiyo aweza kuichunguza hatua kwa hatua kama achunguzavyo saketi ya umeme. Tena aweza kuuliza, kabla ya kutoa fedha, swali ambalo wauzaji hawapendi kulisema wazi: haki inayouzwa ni ya mtu, ya kifaa, au ya darasa zima?

Swali hili si dogo katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumiwa katika sensa ya watu na makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo. Nchini Kenya, serikali ilianza mwaka 2016 kugawa vifaa vya aina hiyo katika shule za msingi. Popote pale ambapo vifaa ni vichache na wanafunzi ni wengi, kifaa kimoja hupita katika mikono mingi. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kifaa kimoja haiwezi kukosa kugongana na maisha ya namna hiyo.

Kifaa Kimoja, Watu Wengi

Fikra ya watu wengi kutumia kompyuta moja si ngeni. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mtambo ulioweza kuwahudumia watu kadhaa kwa zamu za haraka sana, hata kila mmoja akajiona kana kwamba mashine ni yake peke yake. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika maabara za Bell, walianza kazi ya Unix, ambayo ilimpa kila mtumiaji namba yake, mafaili yake, na mipaka yake. Wakati huo kompyuta ilikuwa ghali kuliko mshahara wa watu wengi, kwa hiyo kushirikiana halikuwa jambo la hiari.

Simu ya mkononi ilikuja na fikra tofauti. Mtambo wa Android, ulioanza kuuzwa ndani ya simu mwaka 2008, ulijengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho kinafuata mwendo wa Unix. Lakini zile namba zilizokusudiwa kutenganisha watu zilitumiwa kutenganisha programu, kila programu ikapewa namba yake. Ilidhaniwa kwamba simu ni ya mtu mmoja, na dhana hiyo ilikuwa na haki, kwa kuwa simu hukaa mfukoni. Kishikwambi hakikai mfukoni. Hukaa mezani, na kila apitaye hukitumia.

Ndipo toleo la 4.2 la Android, mwaka 2012, lilipoleta tena watumiaji wengi katika vishikwambi. Toleo la 4.3, lililotangazwa Julai 2013, liliongeza kile kiitwacho wasifu wenye mipaka. Wasifu huo ni upande wa kifaa ambao mwenye kifaa humfungulia mtu mwingine, mathalani mtoto au mwanafunzi. Mwenye kifaa ndiye achaguaye programu zitakazoonekana humo. Wasifu huo hauna akaunti yake wenyewe, na akaunti za mwenye kifaa hazionekani humo isipokuwa kwa programu ambazo waandishi wake wameandika waziwazi kwamba zaweza kuziona.

Namna utengano huo unavyofanywa ni fundisho zuri la hesabu. Kila mtumiaji hupewa namba. Mwenye kifaa ni 0, na watumiaji wanaoongezwa huanzia 10. Namba ya mtumiaji huzidishwa kwa 100000, kisha huongezwa namba ya programu. Programu yenye namba 10057 upande wa mwenye kifaa, huwa na namba 1010057 upande wa mtumiaji wa 10. Maandishi ya programu yenyewe huhifadhiwa mara moja tu kwa wote, lakini kumbukumbu zake, yaani mipangilio na kazi zilizohifadhiwa, hukaa mbalimbali, na upande mmoja hauruhusiwi kusoma wa mwingine. Zaidi ya hayo, tangu toleo la 4.2 ile namba ya utambulisho ambayo programu huitumia kukijua kifaa hutofautiana kwa kila mtumiaji. Kwa macho ya programu, basi, kishikwambi kimoja chenye watumiaji watatu ni vishikwambi vitatu.

Daftari la Muuzaji

Upande wa pili wa jambo hili ni leseni. Programu ya kompyuta ni bidhaa ya ajabu: kuiandika hugharimu miaka ya kazi, na kuinakili hugharimu nukta chache tu. Ili kuwalinda waandishi wake, soko la Google lilianzisha mwaka 2010 huduma ya kuthibitisha leseni. Si kila programu inayouzwa huitumia, kwani kila mwandishi huamua mwenyewe, lakini nyingi zimeitumia.

Kazi yake ni hii. Programu ikifunguliwa, huiuliza programu ya Google Play iliyomo katika kifaa hicho hicho: je, anayenitumia amenilipia? Pamoja na swali hilo hupeleka namba isiyotabirika, ili jibu la jana lisiweze kuletwa tena leo kwa udanganyifu. Google Play huongeza habari za akaunti na za kifaa, hulipeleka swali katika seva ya mbali, na seva hutazama daftari la mauzo. Kisha jibu hurudi likiwa limetiwa sahihi ya siri ambayo mtu mwingine hawezi kuiiga.

Sahihi hiyo hufuata njia ya RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, na wanafunzi wa sekondari waweza kuijaribu kwa namba ndogo. Zichukuliwe namba tasa 3 na 11, ambazo zao lake ni 33. Muuzaji huficha namba 7, na kumtangazia kila mtu namba 3 na 33. Ujumbe wa kutiwa sahihi uwe 4. Muuzaji huipandisha 4 kwa kipeo cha 7, apate 16384. Hugawanya kwa 33, na baki ni 16. Hiyo 16 ndiyo sahihi. Programu ikipokea 16 huipandisha kwa kipeo cha 3, ipate 4096. Hugawanya kwa 33, na baki ni 4, ujumbe ule ule. Yeyote aweza kuhakiki, lakini mwenye 7 peke yake ndiye awezaye kutia sahihi. Katika kazi halisi namba hizo huwa na tarakimu zaidi ya 600, na hapo ndipo siri ilipo.

Iwapo programu ingalazimika kuuliza kila inapofunguliwa, isingefaa kitu mahali pasipo na mtandao. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa hiyo waandishi hupewa hiari ya kanuni mbili. Kanuni kali huuliza kila mara na haikumbuki jibu lolote. Kanuni ya pili hulihifadhi jibu la mwisho ndani ya kumbukumbu za programu, likiwa limefumbwa kwa kutumia utambulisho wa kifaa, pamoja na tarehe ya mwisho wa uhalali wake na muda wa hisani ikiwa mtandao haupatikani.

Mahali Yanapogongana

Ikiwa msomaji ameyaweka pamoja mambo haya mawili, ameshauona ugomvi. Mwalimu aliinunua programu kwa akaunti yake, akaifungua palipokuwa na mtandao, na jibu la kukubaliwa likahifadhiwa katika kumbukumbu za upande wake. Siku ya somo hakuna mtandao, lakini kwake programu hufunguka kwa sababu jibu la zamani lipo. Mwanafunzi akiingia katika wasifu wenye mipaka hukuta programu ile ile, lakini kumbukumbu ni tupu. Programu huuliza upya, kana kwamba imo katika kifaa kipya kabisa. Mtandao usipokuwapo, hakuna wa kujibu. Hata mtandao ukiwapo, swali huenda likatoka katika upande usio na akaunti, na daftari la mauzo huandikwa kwa majina ya akaunti. Asiye na jina katika daftari huhesabiwa kuwa hakulipa.

Hapana sehemu yoyote ya mtambo iliyovunjika hapo. Utengano wa watumiaji umefanya kazi yake ya kulinda siri za mwalimu. Leseni imefanya kazi yake ya kumlinda mwandishi. Sahihi imehakikiwa sawasawa. Kila kiungo ni kizima, na mwili mzima hautembei. Mwanafunzi wa sayansi akijifunza jambo hili moja atakuwa amejifunza jambo kubwa: kasoro nyingi za mitambo ya leo hazimo ndani ya sehemu zake, bali katika maungano yake.

Namna ya Kuchunguza

Kwa kuwa sababu zaweza kuwa nyingi, uchunguzi hauna budi kufuata utaratibu wa maabara, yaani kubadili jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo.

Kwanza, usomwe ujumbe wenyewe, neno kwa neno. Programu isemayo kwamba haiwezi kutumiwa na mtu mwenye mipaka imekataliwa na mtambo kwa sababu ya akaunti, na leseni haijaulizwa kabisa. Programu nyingine huonyesha namba badala ya maneno. Katika maktaba ya leseni iliyotajwa, 256 maana yake ni kuruhusiwa, 561 ni kukataliwa, na 291 ni kujaribu tena kwa kuwa jibu halikupatikana. Namba hizo huonekana kama za kubahatisha, lakini waandishi waliziandika kwa hesabu ya kumi na sita: 100, 231 na 123. Tofauti kati ya 561 na 291 ni tofauti kati ya mlinzi asemaye hapana na mlinzi asiyekuwapo langoni. Dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Pili, ifunguliwe programu ile ile upande wa mwenye kifaa, mtandao ukiwapo. Ikikataa huko pia, wasifu wenye mipaka hauna hatia. Yafaa kutazama kama akaunti iliyomo ni ile iliyonunua kweli, kwani si ajabu kwa mwalimu mmoja kuwa na akaunti mbili, na kwa kifaa cha shule kurithiwa na mwalimu mpya.

Tatu, itazamwe tarehe na saa ya kifaa. Kishikwambi kilichokaa likizo nzima bila umeme huweza kuamka kikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Hapo mazungumzo ya siri na seva hukataliwa, maana vyeti vya usalama vina tarehe zake, na hata jibu lililohifadhiwa laweza kupimwa kwa saa ya uongo. Sababu hii ni rahisi kuliko zote, na husahauliwa kuliko zote.

Nne, ijaribiwe programu nyingine ya kulipia katika wasifu huo huo wenye mipaka. Zikikataa zote, sababu iko katika wasifu au mtandao. Ikikataa moja tu, sababu iko katika programu hiyo, na mwenye dawa ni mwandishi wake. Yafaa aandikiwe kwa adabu na kwa ukamilifu, akitajiwa toleo la Android, toleo la programu, maneno ya ujumbe, na hatua zilizokwisha kujaribiwa. Barua isemayo tu kwamba programu haifanyi kazi haimsaidii mtu yeyote.

Tano, programu ifunguliwe ndani ya wasifu wenye mipaka kifaa kikiwa kimeunganishwa na mtandao, kabla ya siku ya somo. Zipo programu ambazo kanuni yake huweza kupata jibu kwa njia hiyo, zikalihifadhi na kuendelea kufanya kazi baadaye bila mtandao. Zisizoweza hujulikana mapema, na mwalimu hupata muda wa kupanga njia nyingine.

Mwisho kabisa, na baada ya hayo yote, ndipo yaweza kufikiriwa kufuta kumbukumbu za programu au kuiondoa na kuiingiza upya. Hatua hiyo hufuta pia kazi za mwanafunzi zilizohifadhiwa humo, kwa hiyo ni sharti nakala zitunzwe kwanza. Kuianza kazi kwa hatua hii ni sawa na daktari anayekata mguu kabla ya kutazama kama kiatu kinabana.

Haki ya Nani?

Utaratibu huo utatatua mengi, lakini hautatatua yote, kwa sababu kiini cha ugomvi ni suala la haki. Kitabu cha fizikia kilichonunuliwa na maktaba husomwa na mwanafunzi wa kwanza, wa pili, na wa arobaini, na hakuna amwulizaye mkutubi jina la aliyelipa. Jambo hilo si la desturi tu. Nchini Marekani mahakama kuu iliamua mwaka 1908, katika kesi ya Bobbs-Merrill na Straus, kwamba mwenye haki ya kitabu akishakiuza hawezi kuendelea kumpangia mnunuzi bei ya kukiuza tena. Wauzaji wa programu waliliepa jambo hilo kwa kusema kwamba hawauzi kitu, bali wanatoa ruhusa ya kukitumia kitu.

Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliitikisa hoja hiyo tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilipoamua kwamba nakala ya programu iliyouzwa kwa ruhusa isiyo na kikomo cha muda imeuzwa kweli, hata kama ilipelekwa kwa mtandao. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za aina hii amwambie mnunuzi waziwazi pale anapopewa leseni badala ya umiliki. Hadhari hiyo ina sababu. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kutoka mbali, ndani ya vifaa vya wasomaji, nakala za vitabu vya George Orwell walivyokwisha kulipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa na radhi ikaombwa, lakini watu walikuwa wameona tofauti kati ya kuwa na kitu na kuruhusiwa kukitumia.

Watetezi wa leseni wana hoja nzito, nayo yastahili kusikilizwa. Mwandishi wa programu hula kwa jasho lake. Kama nakala moja ingetosha shule zote za mkoa, asingepata hata gharama ya umeme alioutumia. Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaoandika programu leo wangekuwa wa kwanza kuumia, maana soko lao ni dogo kuliko la wakubwa. Hayo ni kweli. Lakini hayathibitishi kwamba mtoto anayetumia kishikwambi kile kile, ambacho hakiwezi kutumiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, amemwibia mtu. Kifaa ni kimoja, nakala ni moja, na mtumiaji wa wakati ule ni mmoja. Kilichobadilika ni mkono unaokishika.

Ni dhahiri pia kwamba njia nyingine zawezekana, maana zimekwisha kutengenezwa. Mwaka 2015 kampuni ya Apple iliziruhusu taasisi kuikabidhi leseni kwa kifaa chenyewe, bila kuhitaji akaunti ya mtu. Mwaka 2016 Google ilianzisha Family Library, ambayo huwawezesha watu wa nyumba moja, wasiozidi sita, kushirikiana programu zilizonunuliwa ikiwa waandishi wake wamekubali. Hatua hiyo ni njema kwa familia, lakini darasa la wanafunzi 45 si familia ya watu sita, na mwalimu hapaswi kusema uongo ili lionekane hivyo. Mifano hii miwili inathibitisha jambo moja. Mpaka wa leseni haukuwekwa na maumbile kama kasi ya mwanga. Umewekwa na watu mezani, na watu waweza kuusogeza.

Yanayowezekana Shuleni

Shule haziwezi kuandika upya mitambo ya Marekani, lakini zaweza kununua kwa akili. Kabla ya kulipa, mkuu wa idara hana budi kumwuliza muuzaji mambo manne: leseni imefungwa kwa akaunti, kwa kifaa, au kwa taasisi, programu hufanya kazi katika wasifu wenye mipaka au haifanyi, hukaa siku ngapi bila mtandao, na itakuwaje mwalimu mwenye akaunti akihamishwa. Swali la mwisho ni zito kuliko lionekanavyo. Programu iliyonunuliwa kwa akaunti binafsi ya mwalimu huondoka pamoja naye, hata kama fedha zilikuwa za shule. Kwa hiyo akaunti ya manunuzi iwe ya shule, nenosiri lake litunzwe kama ufunguo wa sefu, na manunuzi yote yaandikwe katika daftari la karatasi: jina la programu, tarehe, akaunti, bei, na masharti.

Pili, pasipo na sababu ya kulipa, kusiwe na haraka ya kulipa. Maonyesho ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia, yaweza kupakuliwa bure na kutumiwa bila mtandao, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Mtambo wa Kolibri ulitengenezwa makusudi kwa ajili ya shule zisizo na mtandao wa kudumu. Vitu hivi havina mlinzi langoni, kwa hiyo havimkatai mwanafunzi yeyote kwa sababu ya upande alioingilia.

Tatu, na pengine ndilo kubwa, vyombo vya serikali vinavyonunua vifaa kwa maelfu vina nguvu ambayo shule moja haina. Mnunuzi wa programu kumi huchukua masharti aliyopewa, na mnunuzi wa programu laki moja huandika masharti yake. Mikataba ya namna hiyo yapasa itamke kwamba leseni ni ya kifaa au ya shule, kwamba itatambuliwa katika kila wasifu wa kifaa hicho, na kwamba itadumu bila mtandao kwa muda usiopungua muhula mmoja. Sharti hilo halimnyimi mwandishi senti yoyote. Linamlipa kwa kila kifaa, na kumwachia mwanafunzi asome.

Mwalimu wa fizikia hamfundishi mwanafunzi kwamba taa isiyowaka imelogwa. Humfundisha kufuata waya kutoka betri hadi swichi, na kutoka swichi hadi taa. Programu inayokataa kufunguka yastahili adabu ile ile ya kufikiri. Waya wake ni mrefu zaidi, maana hupita katika wasifu, akaunti, seva na daftari lililo ng'ambo ya bahari, lakini bado ni waya na una ncha mbili. Mwanafunzi anayejua kuufuata hadi ncha ya pili atakuta huko mkataba ulioandikwa na watu, na atakuwa na haki ya kuuliza uliandikwa kwa faida ya nani.